Awuor, Unakwenda Kukagua Meli

Awuor nyara, binti yangu,

Mmeenda Obunga, wewe na mama yako, kuwaaga wale wanawake anaokaanga nao samaki, na mimi nimebaki hapa Manyatta na begi lako. Nimelifungua, nimelifunga. Nimeangalia tena kama ile ovaroli mpya imo. Imo. Sasa nimeamua kukaa chini niandike, kwa sababu nikiendelea hivi nitaiharibu zipu kabla hujafika stendi.

Mambo ya kula, kulala na watu wa kujihadhari nao mjini sitayagusa. Mama yako ameyasema wiki nzima na shangazi yako akayarudia. Mimi nataka kusema juu ya kazi yenyewe. Katika nyumba hii ni mimi peke yangu niliyewahi kuwa chini kwenye injini nikasikia viatu vya mkaguzi vikitembea juu ya kichwa changu. Najua watu wa meli wanasema nini mkaguzi akipanda ngazi. Nilikuwa mmoja wao. Ndiyo maana silali vizuri tangu ile barua ya kukuita Mombasa ifike.

Ulitueleza mezani kazi itakavyokuwa. Kwamba mtapanda meli za kigeni zikitia nanga, mtazame mafuta machafu yanakwenda wapi, taka zinatupwa wapi, rangi iliyopakwa chini ina sumu gani. Ukasema pia kuna mazungumzo mapya huko nje juu ya maji ambayo meli tupu hujaza tumboni ili isiyumbe. Yanachotwa bahari hii na kumwagwa bahari nyingine, pamoja na vidudu na mimea iliyo hai. Mama yako alicheka akasema, "Sasa hata maji yanaombwa pasipoti?" Mimi sikucheka. Nilitazama dirishani, ingawa kutoka Manyatta ziwa halionekani. Nilikuwa nafikiria gugu maji. Wanasema hili letu halikuletwa na meli, lililetwa na watu waliopenda maua yake. Lakini aliyeona meli kubwa zikikwama kwenye gati ya Kisumu kama ng'ombe kwenye matope, zimezungukwa na majani mabichi pande zote, hahitaji kuelezwa sana mgeni mmoja wa majini anaweza kufanya nini.

Basi sikiliza. Kisa hiki unakijua vipande vipande. Leo nakiandika chote.

Wakati huo ulikuwa mdogo, umeanza shule juzi juzi. Kazi yangu ilikuwa kupaka injini mafuta kwenye meli ndogo ya tajiri mmoja wa hapa mjini Kisumu, meli ya mizigo iliyokwenda Mwanza na kurudi. Tulibeba saruji, sabuni, mahindi, chochote. Injini ilikuwa imezeeka. Ilivuja mafuta, na mwili wa meli ulivuja maji, na vyote viwili vilikutana chini ya sakafu ya chumba cha injini vikawa uji mweusi. Uji ule ukipanda mpaka karibu na mkanda wa injini, tulifungua valvu, tukawasha pampu, tukaumwaga ziwani. Hakuna aliyeona ajabu. Kila meli ilifanya hivyo. Tulisubiri tu tuwe mbali na bandari, na hata kusubiri kwenyewe ilikuwa aibu ya macho, si sheria.

Niliamini ziwa ni kubwa. Hilo ndilo kosa nililokaa nalo miaka mingi zaidi ya kosa lolote, na halikuwa la ubaya, lilikuwa la macho. Ukisimama katikati ya Nam Lolwe, hili ziwa letu la Victoria, huoni nchi upande wowote, unawezaje kufikiri kwamba ndoo zako chache za mafuta zitafika mahali? Nilikuwa nikiona ule utando wa rangi rangi ukitanda nyuma ya meli, nikauona mzuri.

Safari moja tulifika Mwanza asubuhi na bandarini pakawa na mtu mpya. Kijana mwembamba, anaitwa Masanja. Alikuwa na ovaroli yake mwenyewe na tochi. Alikuwa amesomea mambo ya meli pwani, kisha wakamrudisha kwao ziwani. Alimwamkia Kapteni wetu kwa heshima akasema anataka kuona chumba cha injini.

"Unatafuta nini?" Kapteni akamuuliza.

"Mafuta, Kapteni. Nataka kujua maji machafu ya injini mnayapeleka wapi."

Kapteni alikuwa mtu mnene, mcheshi, tuliyempenda. Akaingiza kidole kwenye ndoo ya maji ya kudekia, akakilamba mbele yetu sote. "Hizo sheria zenu ni za bahari. Haya yana chumvi?"

Tulicheka, Awuor. Mimi pia nilicheka, mpaka nikashika tumbo.

Masanja akangoja tumalize. Akasema, "Maji ya bahari hakuna anayekunywa, na bado wameyawekea sheria. Haya yako nyumbani kwangu kwenye mtungi. Kwako je?"

Nyumbani kwa Kapteni yalikuwa kwenye mtungi vilevile.

Tukashuka naye, mimi nikimwonyesha njia. Chumba chetu cha injini kilikuwa na njia moja tu, ngazi ya chuma na mfuniko wa chuma juu yake, uliolala sawa na sitaha. Alimulika kila mahali. Aliligusa lile bomba la kumwagia nje, akaangalia vidole vyake, akanionyesha mafuta. Kisha akapiga kelele ili nimsikie juu ya jenereta: "Mkubwa, meli haitoki leo. Haya mtayatoa kwa mapipa hapa gatini, na hii valvu nitaifunga kwa waya na muhuri wa risasi."

Nikapanda kumwambia Kapteni. Kapteni alikuwa na haraka. Tajiri alikuwa akingoja shehena Kisumu, na tajiri huyo hakuwa mtu wa kuelezwa habari za mapipa. Akaniuliza, "Bado yuko chini?" Nikasema yuko. Akauinamia mfuniko, akaufunga, akageuza komeo. Akamwita Ochola.

Ochola unamjua, ndiye huyu huyu anayekuja hapa Jumapili. Alikuwa rafiki yangu tangu ujana na alikuwa baharia wa sitaha. Kapteni akamwambia, "Kaa hapo juu. Mwache anuse kazi ya wanaume kidogo. Akitoka atakuwa ameelewa." Mimi nikatumwa mbele ya meli nikakunje kamba.

Nilikwenda nikidhani ni mzaha wa muda mfupi. Nikakunja kamba. Nilisikia akigonga. Mwanzoni aligonga kama mtu anayebisha hodi, kisha kwa kitu cha chuma, kwa nguvu. Ochola alikuwa ametazama mbali upande wa mjini. Kisha kugonga kukapungua.

Ninachotaka uelewe ni kwamba mimi ndiye niliyejua bomba la moshi la ile jenereta. Nililifunga mwenyewe kwa waya na vitambaa lilipopasuka. Mfuniko ukiwa wazi moshi ulipanda ukaenda zake. Ukifungwa, moshi ulibaki mle. Sisi wenyewe hatukukaa mle mfuniko ukiwa umefungwa, hata mvua ikinyesha. Kapteni alilijua hilo akalisahau kwa hasira, au hakulisahau, mpaka leo sijui.

Nikaiacha kamba. Nikarudi mbio penye mfuniko.

"Ochola, toka hapo."

"Kapteni amesema nikae."

"Jenereta inawaka. Huyo mtu atakufa."

"Odera, wacha mambo yako. Mimi niko na watoto."

"Na mimi je?"

Alinitazama, akaanza kulia. Mtu mzima, Awuor, mwenye mabega kama mlango, analia akiwa ameketi juu ya mtu mwingine. Nilimshika mkono nikamvuta, na nadhani yeye mwenyewe alitaka kuvutwa, kwa sababu mimi sikuwa na nguvu za kumwondoa Ochola asiyetaka. Tukageuza komeo wote wawili.

Masanja alikuwa ameanguka chini ya ngazi. Nilishuka huku nimeziba mdomo kwa shati, nikazima jenereta, nikamsukuma juu, Ochola akamvuta kwa kola. Tukamlaza sitahani. Alitapika, akakohoa kwa muda mrefu, kisha akaomba maji. Ochola akachota ziwani kwa kikombe, kama tulivyozoea. Masanja akayatazama kwanza, juu yake kulikuwa na ule utando wa rangi rangi. Akayanywa. Hakukuwa na mengine karibu.

Sijawahi kuona kitu kilichonitia haya kama kile kikombe.

Mchana tuliitwa ofisini bandarini. Kapteni alisema upepo uliufunga mfuniko. Siku hiyo ziwa lilikuwa limetulia kama chai kwenye kikombe. Ochola akaulizwa, akasema ni upepo. Nikaulizwa mimi. Nilimwona Ochola akinitazama, na Kapteni akitazama kofia yake. Nilisema, "Ulifungwa. Komeo halifungwi na upepo." Sikusema zaidi. Sauti yangu ilikuwa ndogo mpaka mzee aliyekuwa akituhoji akaniambia nirudie.

Meli ikazuiwa. Maji machafu yakatolewa kwa mapipa, valvu ikafungwa kwa risasi, faini ikalipwa, tukarudi Kisumu. Gatini tajiri hakuniuliza kitu. Alinipa mfuko wangu wa nguo mkononi akasema, "Wewe nenda ukafanye kazi Tanzania." Na habari zikasambaa. Nilizunguka ofisi zote za meli mjini. Kila mahali walikuwa wameshasikia habari ya Odera anayesema. Ndipo nikaenda Awasi kuendesha mashine ya kusaga ya yule mama mjane, na mama yako akaanza kukaanga samaki. Hii sehemu uliiishi, siwezi kukufundisha. Unakumbuka nilivyokuwa nikija Jumamosi nikiwa mweupe kwa unga mpaka mdogo wako ananikimbia.

Lakini kuna sehemu ambayo sikuwahi kuisema, na ndiyo inayonifanya niandike.

Baada ya Masanja, meli zote ziliogopa Mwanza. Nilifurahi. Nilijiambia angalau nimekula hasara kwa faida ya mtu fulani. Kumbe meli hazikuacha kumwaga. Zilibadili mahali tu. Zilijua Mwanza kuna mtu wa tochi na Kisumu hakuna wa kuuliza, basi zilibeba uchafu wote mpaka upande wetu na kuufungulia huku, kabla ya kuingia ghuba. Upepo ukauleta ufukweni. Msimu ule wavuvi wa Dunga walivuta nyavu nyeusi. Mama yako alileta samaki nyumbani akawakaanga, nyumba nzima ikanuka mafuta ya taa. Wateja walikula kipande kimoja wakatema. Alirudi na beseni limejaa, akaniuliza, "Baba Awuor, hivi ni nini kimeingia ziwani?"

Nilijua. Nilikaa pale kwenye kiti nikijua, na sikuweza kumwambia kwamba uchafu wa Mwanza umehamia kwenye sufuria yake kwa sababu mtu mmoja Mwanza alifanya kazi yake vizuri na mimi nikamsaidia.

Nilikasirika na Masanja kwa miaka. Nilisema, aliniharibia kazi, na hata ziwa hakulisafisha, aliuhamisha uchafu tu akatuletea. Nilikosea tena. Ni wewe uliyenitoa hapo, bila kujua, siku uliyosema mezani kwamba meli zikikataliwa bandari za Ulaya kwa uzee na uchafu, wenye meli hawazivunji, wanazileta huku kwetu ambako hakuna wa kuzikagua. Ukasema ndiyo sababu nchi zinakaa pamoja kuandika sheria moja, na ndiyo sababu wanataka watu kama wewe katika kila bandari. Nilitoka nje nikajifanya naenda kuangalia kuku. Masanja hakukosea. Masanja alikuwa peke yake. Kulihitajika tochi nyingine Kisumu, na nyingine Port Bell kule Uganda, wakati huo huo, na hazikuwepo.

Na ungedhani baada ya kuelewa hivyo ningekubali uende. Nilikataa zaidi. Nilikwenda Awasi nikakaa Jumamosi mbili bila kurudi, nikisema mashine imeharibika. Haikuharibika. Nilikuwa nakaa pale kwenye unga nikikuona uko chini ya meli ya watu usiowajua, wanaozungumza lugha usiyoijua, na mfuniko juu yako. Ulipokuja kunifuata mpaka mashineni ukasimama mlangoni ukaniambia, "Baba, ulimfungulia yule mtu wa Mwanza, sasa mimi ndiye unayenifungia," nilitaka kukuchapa na nilitaka kukushukuru, na mashine ilikuwa inapiga kelele mno kwa lolote kati ya hayo. Nikakupa soda.

Basi, kwa kuwa unakwenda, nikuambie ninachokijua kutoka upande ule mwingine.

Kapteni atakayekufokea si yule wa kuogopa. Wetu alikuwa mcheshi. Mtu anayekuchekesha mbele ya watu wake anakupima, anataka kujua utacheka naye au utangoja amalize. Ngoja amalize. Na usimchukulie kuwa ni mtu mbaya, kwa sababu ukifanya hivyo utaacha kuona anaogopa nini. Wetu alikuwa akimwogopa tajiri, sisi tukamwogopa yeye, na mwisho wa foleni ya woga alikuwa Masanja chini ya ngazi.

Mabaharia wa chini, wale wenye grisi hadi kwenye viwiko, waamkie. Waulize wametoka bandari gani, wana watoto wangapi. Si kwa ujanja wa kupata habari. Wao ndio wanaojua lipi bomba la kweli na lipi limewekwa kwa ajili yako, lakini hata wasipokuambia neno, mtu uliyemuuliza habari za watoto wake ni vigumu kukaa juu yako. Ochola ameniambia hivyo mwenyewe. Wakati gugu lilipofunga ziwa na meli zikasimama na mabaharia wote wakawa wanakaa gatini wakipiga gumzo, alikuja hapa kuniona kwa mara ya kwanza tangu Mwanza. Alisimama nje muda mrefu. Nilipomkaribisha akasema, "Sikumjua hata jina, Odera. Nilijua ni sare tu." Mama yako akamletea chakula akala. Mimi na yeye hatujalitaja tena jambo hilo, naye haachi kuja.

Usishuke chini kamwe kabla hujamwacha mtu wako juu. Wakikuambia ofisi haina mtu wa pili leo, meli ikaguliwe kesho. Watakasirika kwamba unachelewesha biashara. Waache wakasirike. Sema ni amri ya baba yako kama huna amri nyingine.

Na kuna jambo moja linaloniuma ambalo sina jibu lake, kwa hiyo usilingojee. Sheria hizi zinaandikwa mbali, na watu wenye meli mpya. Siku moja utapanda kwenye meli kuukuu ya mtu maskini kama tulivyokuwa sisi, na utaona uji mweusi chini ya sakafu, na ukiizuia, wako watu watakaokosa kula mahali fulani mfano wa Manyatta. Nilikuwa mmoja wa watu hao, na mama yako, na wewe. Izuie. Lakini isikupendeze kuizuia. Siku itakapokupendeza, rudi nyumbani tukupumzishe kidogo.

Giza linaingia na nasikia sauti ya mama yako njiani, anacheka na mtu, kwa hiyo lazima mnakuja. Nitaiweka hii ndani ya mfuko wa ovaroli, uione ukiwa umeshafika.

Asubuhi nitakubebea begi mpaka stendi. Nitaongea sana juu ya basi, tairi zake, dereva anaonekanaje. Utaniuliza kama nina wasiwasi nami nitasema hapana, hata kidogo, mtoto wangu ni mhandisi. Usinibishie mbele ya mama yako. Nikishika mlango wa basi muda mrefu kuliko inavyotakiwa, mwambie kondakta aufunge tu.

Baba yako,
Odera